Herufi Zilizovaa Mabuti

Mwaka jana, siku chache baada ya kumzika sahibu yangu mmoja ambaye nilicheza naye bao kwenye baraza moja kwa zaidi ya miaka 30, alinijia mjukuu wangu, kijana ambaye riziki yake huipata kwa kuchora matangazo katika kompyuta, akaniwekea magotini karatasi ya tangazo la hitima ya marehemu, akaniomba niitazame kabla haijapelekwa kuchapwa. Nilivaa miwani yangu, na kabla sijasoma neno lolote nikashtuka, kwani jina la sahibu yangu lilikuwa limeijaza karatasi kwa herufi nene, pana, nyeusi tititi, kila mguu wa herufi umesimama juu ya kipande cha mraba kama nguzo ya msikiti isimamavyo juu ya jiwe lake. Na herufi hizo mimi nilizijua, si kwa sura tu, bali kwa uzito wake kiganjani, kwa harufu ya mafuta ya taa tuliyozisafishia, na kwa majina tuliyozipa sisi wenyewe.

Nikamwuliza kwa nini amezichagua hizi. Akanijibu kwa adabu zote, "Babu, hizi ni herufi za kizamani, na marehemu alikuwa mtu wa zamani."

Jawabu lake halikuwa la kijinga hata kidogo, na kwa sababu halikuwa la kijinga sikuwa na la kumrudishia palepale. Nikamwambia aniachie karatasi ile hadi kesho baada ya alasiri, na usiku ule, badala ya kulala, nikawa naikumbuka safari yangu na herufi zile tangu mwanzo wake.

Niliingia katika kiwanda cha chapa mwaka 1964, nikiwa na umri wa miaka 15, katika kichochoro kimoja cha Mji wa Kale wa Mombasa, ambapo tajiri yangu alikuwa na mashine mbili, moja ndogo ya kukanyaga kwa mguu iliyochapa kadi za arusi na risiti za maduka, na moja kubwa iliyozungushwa kwa gurudumu, ambayo kazi yake ilikuwa matangazo ya ukutani: mechi za mpira, dansa, taarabu, sinema na minada. Fundi mkuu alikuwa mzee mmoja mrefu, mkimya, aliyejifunza kazi hiyo Unguja kabla ya vita, na ambaye vidole vyake viwili vya mkono wa kulia vilikuwa vyeusi kwa wino kiasi kwamba hata udhu wa swala tano kwa siku haukuvirudisha rangi. Huyo ndiye aliyenifunza kila nilijualo, na sikumbuki hata mara moja alipokaa akaniambia, "Sasa nitakufunza."

Kazi yangu ya mwaka wa kwanza ilikuwa kuzirudisha herufi zilizokwisha kutumika katika vyumba vyake, kila herufi katika chumba chake ndani ya kasha la mbao, na ole wake atakayeichanganya n na u. Herufi ya kuchapia hutengenezwa kinyume, kama uso katika kioo, na mpanga herufi huusoma mstari wake miguu juu kichwa chini, kushoto kwenda kulia. Lakini ukiugeuza mstari ule na kuutazama wima, utauona unaanza kulia na kwenda kushoto. Wenzangu waliotoka skuli za Kizungu walipata taabu ya miezi mingi kwa jambo hili, ilhali mimi, ambaye nilikuwa nimekalia mkeka wa chuo tangu udogo wangu nikisoma kutoka kulia, nilisoma prufu kwenye chuma chenyewe kabla haujapita mwezi wa pili. Fundi alicheka, na hakuwa mtu wa kucheka, akasema kwamba mwalimu wangu wa chuoni alikuwa amekwisha kumlipia tajiri nusu ya mafunzo yangu.

Majina ya herufi yaliyokuwa katika orodha za Waingereza hatukuyatumia. Fundi alizigawa herufi zote za ulimwengu kwa viatu vyake. Zile nyembamba za vitabu na magazeti, ambazo kila ncha ya mstari wake humalizika kwa kijiti laini kilichochongoka, aliziita za makubadhi, kwa kuwa zilikwenda kwa staha. Zile zisizo na chochote miguuni, zilizokatwa tu kama gogo, aliziita peku. Na zile ambazo miguu yake ilikuwa minene sawasawa na mwili wake, yenye pembe za mraba, hazijali zinakanyaga nini, hizo ndizo zilizokuwa za mabuti. Tangu siku ile sijapata mgawanyo bora kuliko huo, na nimesoma vitabu vya wataalamu. Hata mashine ya taipu ya karani wetu aliitia katika hesabu yake: kwa sababu mashine ile huipa kila herufi nafasi sawa, herufi i, ambayo kwa haki yake ni kijiti tu, yavishwa viatu virefu huku na huku ili isipotee katika chumba kikubwa ilichopewa, na kila nipokeapo barua ya serikali mpaka leo hukumbuka maneno yake kwamba i ni mtoto aliyevaa mabuti ya babake.

Za mabuti zilikuwa nyingi kwetu, aghalabu za mti, kwa sababu herufi kubwa ya ukutani ikitengenezwa kwa risasi huwa nzito kupita kiasi, ghali kupita kiasi, na hupinda inapopoa. Na hapo nikafahamu sababu ya mabuti yenyewe, jambo ambalo mtazamaji wa karatasi hawezi kulifahamu. Herufi yenye mistari minene kwa hapa na myembamba kama unywele kwa pale, ukiikata katika mti, unywele ule huvunjika, au humomonyoka kila inapopigwa brashi na mafuta ya taa. Bali herufi iliyonenepa kila mahali, yenye miguu mipana, hubeba mkandamizo wa mashine miaka kwa miaka, hubeba wino mbaya, hubeba karatasi ya bei rahisi ya rangi ya manjano au ya waridi, na bado mtu aliye ng'ambo ya barabara, amebeba kapu la samaki, huisoma bila ya kusimama. Unene ule haukuwa pambo. Ulikuwa ni afya ya mwili wa mtu aliyeumbwa kwa ajili ya uchukuzi.

Siku moja alikuja dalali mmoja wa mnada, mtu mwenye sauti kubwa hata alipokuwa akinong'ona, akataka tangazo la vyombo vya nyumba vitakavyouzwa, na akataka kila mstari uvae mabuti: vitanda, makabati, saa za ukuta, siku, saa, mahali, na jina lake juu na chini. Fundi alimshauri kwa upole kwamba apunguze, achague neno moja tu la kupaza; dalali akamjibu kwamba yeye ndiye alipaye. Basi tukampangia alivyotaka. Karatasi ilipotoka ilikuwa kama ukuta wa mawe meusi usio na mlango, na siku ya mnada ilikuwamo humo, imebanwa baina ya makabati na saa za ukuta, neno IJUMAA limevaa mabuti yaleyale yaliyovaliwa na VITANDA. Watu wakaja Jumamosi. Dalali akaja Jumatatu, na tajiri yetu, ambaye alipenda amani kuliko haki, akamrudishia nusu ya fedha zake.

Fundi hakusema kitu. Alichukua nakala moja ya tangazo lile, akaibandika ukutani juu ya kasha langu, ikakaa pale miaka minane. Kitambo baadaye, tulipokuwa tukila muhogo wa mchana, ndipo aliponiambia kwamba mpiga mbiu ni mmoja katika mtaa, na wakipiga kumi kwa pamoja hutajua nani kafa na nani kaoa.

Lakini kadhia iliyonifunza zaidi ilikuwa ya herufi A. Msomaji atafahamu kwamba herufi zile zilikatwa Uingereza kwa ajili ya Kiingereza, lugha yenye uroho wa E, na kila fungu la herufi lilikuja na E za kutosha kwa hesabu ya lugha hiyo. (Wamarekani, nilikuja kusoma baadaye, waliyauza mafungu yao kwa hesabu ya A: fungu la A tatu, la A nne, na nyinginezo kwa kadiri yake. Lau wangalimwuliza Mswahili, angaliwaambia kwamba A tatu hazifiki mwisho wa neno TAMASHA na kubakisha ya akiba.) Fungu letu kubwa kabisa, la herufi zenye urefu wa shubiri nzima, lilikuwa na A nne. Mteja akija na TAMASHA LA TAARABU, anahitaji A saba. Fundi alikaa akiyatazama maneno kama mchezaji wa bao atazamavyo kete, kisha akamwambia mteja, "Bwana, waonaje tukisema USIKU WA TAARABU?" Mteja akafurahi, akaona ni maneno matamu zaidi, na hakujua kamwe kwamba utamu ule ulitokana na uhaba: A nne, zote zimekwisha, hakuna iliyobaki wala iliyopungua. Nusu ya lugha ya matangazo ya Mombasa ya miaka ile, naweza kuapa, ilitungwa na fungu lile la mti.

Pale ambapo maneno hayakukubali kubadilishwa, kwa mfano jina la timu au la mahali, tulikuwa na hila. Herufi V ya mabuti ukiipindua kichwa chini inakuwa A isiyo na kijiti cha katikati. Mabuti yake ya juu yanakuwa ya chini, na hata mstari wake mnene huangukia upande wa kulia, mahali upasapo kuwa katika A. Lililosalia ni kijiti. Kijiti nilikichora mimi, kwa brashi na wino, karatasi moja baada ya moja, karatasi 200, tangu baada ya magharibi hadi usiku wa manane, na niliyemchukia zaidi duniani wakati huo hakuwa tajiri wala fundi, bali Mwingereza nisiyemjua aliyekaa mahali fulani akahesabu kwamba A nne zitatosha.

Baada ya usiku kadhaa wa namna hiyo fundi alinichukua hadi kwa seremala mmoja wa Kilamu, mtu mzima wa nakshi za milango, akamwekea A yetu moja mbele yake na kipande cha mbambakofi, akamwambia amkatie nyingine kama hiyo mbili. Seremala aliigeuzageuza, akauliza ni kitu gani. Alikuwa akisoma na kuandika kwa khati ya Kiarabu, na nakshi zake za maandishi juu ya milango zilikuwa adhimu, lakini herufi za Kizungu kwake zilikuwa maumbo tu. Akasema umbo hili halina uzuri lakini lina nguvu, kama ng'ombe. Akatutaka turudi baada ya siku tatu. Tuliporudi tulikuta A mbili zilizopigwa msasa zikang'aa, pembe zake kali kuliko za Kiingereza, na katika kipembe cha chini, mahali ambapo wino haufiki, alikuwa ametia kijani kidogo cha nakshi, kwa kuwa hakuweza kuutoa mti mikononi mwake mtupu kabisa.

Moja ilikuwa sawa. Ya pili alikuwa ameikata, si kwa kuifuata A ya mti, bali kwa kuifuata A aliyoiona kwenye tangazo lililobandikwa nje ya duka lake, kwa hiyo aliikata inavyosomeka, haikuwa kinyume. Na ilipochapwa, mstari wake mnene ukakaa kushoto na mwembamba kulia. Kwa herufi ya makubadhi kosa hilo lingeonekana na mtoto. Kwa ya mabuti, ambayo mistari yake yakaribia kulingana unene, halikuonwa na mtu yeyote. Zote mbili zilikuwa fupi kwa unywele kuliko zile za Kiingereza, tukazitia karatasi mbili chini yake zikasimama kwa kimo kimoja na wenzake, na zikachapa Mombasa nzima miaka yote iliyobaki. Fundi peke yake ndiye aliyekuwa akiitambua ile ya pili, na kila ilipotokea kwenye karatasi alikuwa akiigusa kwa kidole, kama mtu amgusavyo mtoto kichwani apitapo.

Mwaka 1971 nilipata msaada wa kwenda kusoma uchapaji London. Chuo kilikuwa kikitufunza mitambo mipya, picha na kemikali, na walimu walizitaja herufi za mti kwa namna watu wanavyowataja jamaa waliokufa bila ya kuacha mali; lakini karibu na Fleet Street, nyuma ya kanisa la St Bride, kulikuwa na maktaba ya wapiga chapa iliyofunguliwa mwaka 1895, na huko nilikwenda Jumatano moja kwa sababu ya mvua tu, nikarudi Jumatano zote zilizofuata. Huko nikakutana na ukoo wa mabuti yetu.

Mwenye kuzitoa kwanza, katika kitabu chake cha mifano chenye tarehe ya 1815, alikuwa mkata herufi wa London aitwaye Vincent Figgins. London ya wakati ule ilikuwa mji wa kuta: maonyesho ya michezo, dawa, magari ya farasi, na bahati nasibu ya serikali iliyoendelea mpaka 1826, kila mmoja akibandika karatasi yake juu ya karatasi ya mwenzake, na herufi za makubadhi, zilizozaliwa kwa ajili ya mtu aketiye na kitabu mkononi, hazikuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya njia. Ndipo zikatengenezwa hizi. Mwenzake mmoja, Robert Thorne, alikuwa na zake, akafa mwaka 1820. Kiwanda chake kikauzwa kwa mnada, akakinunua William Thorowgood, ambaye yasemekana fedha zake alizipata katika hiyo bahati nasibu yenyewe, na mwaka uliofuata akazitoa herufi za marehemu kwa jina la Kimisri.

Nilicheka peke yangu katika chumba kile kimya hata mtunza maktaba akainua kichwa. Za Kimisri! Misri kwa hakika hazikuijua. Napoleon alikuwa ameivamia Misri mwaka 1798, Waingereza wakaja kumtoa, jiwe la Rosetta likafikishwa London mwaka 1802, na tangu hapo kila kitu kizito, kinene, chenye pembe, kikawa cha Kimisri, viti, vinara na majengo. Hata mkata herufi mwenzao Caslon, aliyechapa mwaka 1816 herufi zilizo peku kabisa, naye akaziita za Kimisri. Ilhali Misri ya kweli, katika miaka ileile ya mwanzo wa 1820, ilikuwa ikianzisha matbaa yake ya Bulaq kwa amri ya mtawala wake Muhammad Ali, na kwa herufi za Kiarabu, zisizo na buti wala kisigino, Kairo ikaja kuchapa vitabu vilivyovuka bahari mpaka vyuo vya pwani yetu. Misri niliyoishika mikononi nikiwa mtoto ilikuwa hiyo. Nayo haikupiga kelele.

Wazungu hawakuiacha shauku yao. Baada ya kaburi la Tutankhamun kufunuliwa mwaka 1922, mabuti yaliyokuwa yamesahauliwa yakapigwa rangi upya, na Rudolf Wolf akatoa zake Frankfurt mwaka 1929 kwa jina la Memphis, zikafuatia nyingine zilizoitwa Cairo na Karnak. Katikati ya karne ya 19, Robert Besley alikuwa amezipunguzia ukali: mwaka 1845 akatoa herufi zilizoitwa Clarendon, ambazo pembe za mabuti yake zimeviringwa kidogo zinapokutana na mguu, kama kiatu kilichovaliwa kikalainika, na alizikusudia zipangwe ndani ya mstari pamoja na herufi za kawaida, ili neno moja lijitokeze bila ya kuwasukuma wenzake. Kila tufunguapo kamusi tukaliona neno tulitafutalo limekolezwa wino, twadaiwa ahsante na Besley. Akajipatia hifadhi ya sheria ya miaka mitatu tu, na miaka mitatu ilipokwisha wenzake wakamnakili bila ya haya. Naye, ambaye hakuwa mtu wa kukaa akalia, alikuja kuwa Meya wa London. Wakati huohuo Marekani, ambako Darius Wells wa New York alikuwa ameanza mwaka 1827 kukata herufi za mti kwa mashine, mabuti yalinenepeshwa mpaka yakawa mazito kuliko mwili, na hizo ndizo tuzionazo katika sinema za wapanda farasi, juu ya picha ya mtu atafutwaye.

Walakini lililonikaa moyoni kuliko yote hayo lilikuwa ni jina ambalo Figgins mwenyewe aliziita herufi zake katika kitabu cha 1815. Aliziita Antique, yaani Za Kale. Wino wake haujakauka, hakuna jicho lililopata kuziona kabla ya hapo, na tayari zilikuwa za kale! Nilifunga kitabu nikatoka katika mvua nikilitafakari jambo hilo, na sikulipatia matumizi yoyote kwa miaka zaidi ya 50, mpaka mjukuu wangu aliponiwekea ile karatasi magotini.

Niliporudi Mombasa fundi alikuwa amekwisha kuacha kazi kwa sababu ya macho. Kiwanda kiliendelea kwa miaka kadhaa, kisha mitambo ya picha ikatushinda, tajiri akazeeka, na wanawe wakauza. Risasi zote, makasha kwa makasha ya makubadhi na mapeku, zilinunuliwa kwa mizani na mtu wa nyavu, zikayeyushwa, zikawa chubwi za wavuvi. Kwa hiyo maneno yote yaliyopata kuchapwa katika kichochoro kile hivi sasa yamelala chini ya bahari baina ya Mombasa na Shimoni, na fikira hiyo hainisikitishi kama ipasavyo. Za mti hazikuwa na mnunuzi. Mwuza chai wa jirani alizichukua kwa kuni, na siku ile nilipopita nikaziona zinaingia motoni mojamoja, herufi za mabuti, nikatia mkono katika gunia nikazipata A mbili. Moja ya Kiingereza, ambayo nimeipoteza, na moja ya mbambakofi.

Mjukuu wangu alikuja kesho yake baada ya alasiri kama tulivyopatana. Nilimweleza kwamba herufi alizozichagua si za kizamani, zilijipa jina hilo tu. Kwamba ni sauti ya dalali, ya mwenye sinema na ya mwuza dawa. Na kwamba sahibu yangu, katika miaka 30 ya bao, sikumsikia akipaza sauti hata alipofungwa kwa hila. Kijana akasikiliza hadi mwisho. Kisha akasema, "Lakini Babu, mbiu ya msiba nayo si hupigwa? Watu watajuaje?"

Hapo alinishika. Ni kweli kwamba msiba hutangazwa, na kwamba aliye ng'ambo ya barabara ana haki ya kujua. Tukakaa na kompyuta yake magotini mwake, akanionyesha mamia ya herufi kwa dakika chache, mali ambayo fundi wangu asingaliiona hata kwa kuota, na katika kila moja A ni nyingi kama mchanga wa ufukwe, haziishi, wala humlazimishi mtu abadilishe neno lake. (Nilimwambia kuhusu USIKU WA TAARABU. Alicheka, lakini nadhani aliona ni hadithi ya umaskini tu.) Mwishowe tukaafikiana: jina la marehemu livae makubadhi, kwa ukubwa wa kusomeka, na neno moja pekee, HITIMA, livae mabuti, ila mabuti ya Besley, yaliyolainika. Karatasi ikapumua. Siku, saa na msikiti zikakaa mahali ambapo mtu hawezi kuzikosa.

Alipokuwa akifunga mashine yake niliingia chumbani nikaitoa A ya mbambakofi katika bweta ninalowekea hati za nyumba, nikampa. Aliipima kiganjani, akakuta kile kijani cha nakshi penye kipembe akakigusa, akaniomba kidau cha wino ninachopigia muhuri, akaipaka, akaikandamiza juu ya mgongo wa karatasi ile ya tangazo la kwanza. Akaiinua. Akaitazama kitambo, kichwa ameinamisha upande.

"Babu," akasema, "hii A imesimama kinyume."

Nilimwambia ndiyo. Akaipiga picha kwa simu yake, akaiingiza katika kompyuta, akaigeuza, mstari mnene ukaja kulia na mwembamba ukaenda kushoto, ikawa A kama A zote. Aliiangalia hivyo kwa muda, vidole vyake havijaondoka kwenye mashine. Kisha akairudisha ilivyokuwa.